MREJESHO: Mwajiri wa Kanada anayelipa chini ya mkataba

Habari zenu ndugu. Niliuliza: mfanyakazi wa muda kutoka nje akilipwa pungufu Kanada, je, faini anayotozwa mwajiri inamfikia yeye? Asanteni sana kwa majibu. Nimeyafuatilia kwenye kanuni zenyewe.

Haimfikii. Faini inaingia serikalini: dola 500 hadi 100,000 kwa kila kosa, ukomo milioni 1 kwa mwaka. Mwajiri anaweza pia kufungiwa kuajiri wafanyakazi wa muda kutoka nje kwa mwaka 1, 2, 5, 10 au maisha, na jina lake hutangazwa kwenye tovuti ya uhamiaji. Adhabu hupangwa kwa pointi, kufuatana na uzito wa kosa na rekodi yake ya nyuma.

Mshahara wenyewe hudaiwa kwenye ofisi ya viwango vya ajira ya jimbo. Hapa ndipo wengi wanaumia! Ontario muda wa kudai ni miaka 2, lakini British Columbia ni miezi 6 tu baada ya siku ya mwisho kazini. Kwa hiyo usingoje ukaguzi wa serikali kuu, ule unaoleta faini, uishe.

Na kibali cha kazi kilichofungwa kwa mwajiri mmoja? Tangu Juni 2019, anayenyanyaswa, hata kifedha, anaweza kuomba kibali huru (kisichomfunga kwa mwajiri mmoja) bila ada, akiwa ndani ya Kanada na kabla kibali chake hakijaisha. Aambatishe barua ya maelezo, mkataba, hati za mshahara, taarifa za benki na picha za ratiba ya zamu.