Ushauri: kubadili tairodi za Canter nyumbani

Canter_Mbagala:
Wakuu, heshima kwenu. Canter yenye ekseli moja nzima mbele: usukani unacheza sana kabla tairi hazijajibu, barabarani gari linahama lenyewe, na tairi zote mbili za mbele zinalika ukingo wa nje. Nataka kubadili tairodi (viungo vya ncha za fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele) mwenyewe uani, ila kuna mchanga. Nianzie wapi?

Spana24:
Mkuu, usiende Kariakoo kununua kabla hujajua kinachocheza. Gari likiwa chini, mwenzako atikise usukani kidogo kidogo huku wewe umeshika kila kiungo kwa kiganja: mkono wa sanduku la steringi, draglinki (fimbo inayotoka kwenye mkono huo kwenda kugeuza tairi) mwanzo na mwisho, kisha tairodi kulia na kushoto. Kiungo ambacho upande mmoja unasogea na wa pili umechelewa, hicho kimekwisha.

Sasa inua tairi, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi. Ukibaki ni kingipini (pini ambayo tairi hugeukia likikata kona), na hapo tairodi mpya hazitakusaidia kitu.

Grisi_Kwanza:
Kwenye mchanga jeki huzama na kuinama, kwa hiyo weka ubao mnene mpana chini yake. Zuia tairi za nyuma mbele na nyuma, kisha ekseli ikae juu ya stendi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Nunua tairodi mbili kwa pamoja, moja ya nyuzi za kulia na moja ya kushoto, pamoja na splitipini mpya (pini za kuzuia nati isilegee). Nenda na za zamani dukani ulinganishe shina, maana koni (sehemu ya shina iliyochongoka) ikiwa nyembamba itazama sana kwenye tundu na nati haitabana.

Kabla ya kufungua, pima kutoka kati ya kiungo kimoja hadi kati ya kingine na uandike. Legeza nati ibaki imeshika nyuzi chache, halafu piga ubavu wa sikio la mkono wa tairi (pale shina linapoingia) kwa nyundo, huku nyundo nzito imeegemea upande wa pili. Koni itaruka yenyewe. Ukipiga ncha ya shina unaharibu nyuzi na koni inabaki palepale. Moto wa gesi usiulete, unalainisha chuma kilichokomazwa. Na kama tundu la sikio limekuwa yai, mkono wenyewe ubadilishwe. Kuchomelea huko ni kuhatarisha watu.

Wakati wa kukaza, tundu la splitipini lisipolingana, kaza mbele hadi tundu linalofuata. Usirudishe nyuma hata kidogo.

Canter_Mbagala:
Asanteni sana. Kuna fundi anasema akaze tu skrubu ya sanduku la steringi, mchezo utaisha.

Spana24:
Hapana, mkuu. Skrubu hiyo inabana gia za ndani, haigusi viungo. Ukiikaza kuficha tairodi mbovu, usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona.

Fimbo_Nyoofu:
Niongezee upimaji. Kulika nje pande zote mbili mara nyingi maana yake tairi zimebana mno kwa mbele. Tairi zikiwa chini na zimenyooka, weka alama ya chaki katikati ya kila tairi, mbele, usawa wa kitovu. Pima umbali kati ya alama. Sukuma gari mbele nusu mzunguko, alama zihamie nyuma, upime tena. Mbele huwa pungufu kwa milimita chache tu. Kiasi kamili kiko kwenye kitabu cha modeli yako. Kama fimbo ya tairodi yako iko nyuma ya ekseli, kuirefusha kunabana mbele na kuifupisha kunafungua.

Kabla ya kukaza klampu (vibano vya fimbo ya tairodi), hakikisha viungo vyote viwili vimekaa katikati ya mzunguko wake, kisha kata usukani hadi mwisho kila upande uone hakuna kinachogusa. Usukani ukikaa upande, rekebisha kwenye draglinki, usiung'oe.

Halafu peleka kwenye mashine ya alaimenti (ya kupima unyoofu wa tairi). Tairodi zenye niplo (chuchu ya kutilia grisi) zitie grisi hadi ya zamani itoke, hasa ukishapita kwenye maji ya masika.