Nipo Guangzhou, nimpelekee mama oolong au hongcha?

MwanaPangani:
Wakuu habari za mida hii. Nipo Guangzhou wiki ya pili sasa, mzigo nshafunga, Jumamosi naondoka, na mama kule Tanga kaniagiza kitu kimoja tu, "niletee majani ya chai ya huko kwa Wachina nionje". Nikaona kazi ndogo, jana nikaenda lile soko la majani la Fangcun, aisee lile sio soko ni mji, duka baada ya duka majani tu mpaka kichwa kinauma. Mi Kichina changu ni cha kubahatisha, najua nyeusi ni "hei", chai ni "cha", nikajikaza nikasema "hei cha". Mama muuzaji kafurahi huyo, katoa kitu kimegandamizwa kama tofali, harufu yake ghala lililofungwa tangu masika. Nikanunua kwa aibu maana alishanimiminia vikombe vitano vya kuonja. Nimekunywa tena leo hotelini, hapana, mama hawezi. Nataka nirudi kesho, jamaa mmoja hapa anasema oolong ndo chai yenyewe, mwingine anasema hongcha. Bajeti yuan 300. Naombeni mwongozo.

fundi_birika:
Hahaha mkuu hukuibiwa, umepewa ulichoomba! Heicha ni aina nyingine kabisa, ile inavundikwa na kukaa miaka, ndugu zake kina Pu'er. Hii chai yetu ya kawaida wao hawaiiti nyeusi wanaiita nyekundu, ndo hiyo hongcha, maana wanaangalia maji ya kikombeni sio jani. Si hata sisi tunasema chai ya rangi.

Mi nimesoma Fuzhou miaka minne nikuambie kidogo. Mti ni ule ule mmoja, tofauti ni wanachofanya baada ya kuchuma. Hongcha jani linanyaushwa, linasokotwa, linaachwa liive na hewa mpaka mwisho ndo linakaushwa. Oolong wanalitikisatikisa kwenye nyungo kingo zichubuke, pembeni linaanza wekundu katikati bado kijani, halafu wanalipitisha motoni kabla halijafika mwisho. Sasa hapo katikati ni parefu, kuna oolong karibu na kijani na kuna nyingine karibu na hongcha, kwa hiyo ukisema tu "nipe oolong" ni kama umeingia sokoni ukasema nipe samaki. Kabla ya yote, mama chai anainywaje?

MwanaPangani:
Asubuhi anachemsha na maziwa na tangawizi, sukari ya kutosha. Jioni chai ya rangi na iliki, anakaa nayo barazani.

Jirani wa Kericho:
Basi hiyo kesi imeisha, chukua hongcha, na katika hongcha chukua Dianhong ya Yunnan. Jani lake ni la ile jamii ya majani makubwa, ndugu wa Assam, na hizi za kwetu Kenya na zenu huko nyingi ni damu hiyo hiyo, so inabeba maziwa na tangawizi bila kulegea. Angalia zile zenye vichipukizi rangi ya dhahabu, utamu wake kama kiazi kitamu cha kuchoma. Lapsang nayo ni hongcha ila achana nayo, ile ya kienyeji inakaushwa na moshi wa msonobari, mama atadhani imeungulia jikoni. Na oolong kwa sufuria ya maziwa tafadhali usijaribu, ile harufu yote uliyolipia inaenda na mvuke.

Bi Tamu:
Mi napinga kidogo. Mama kasema NIONJE. Ukimpelekea Dianhong akaitia maziwa na tangawizi atakuuliza sasa tofauti na ya Lushoto iko wapi, na atakuwa hajakosea. Mpe ya jioni. Anayekunywa chai ya rangi na iliki barazani huyo wa oolong kabisa, ila siku ya kwanza mwambie iliki aiweke pembeni.

Katika oolong, ukienda Tieguanyin ya Anxi uliza "nongxiang", ndo iliyookwa. Ile "qingxiang" ya kijani inanukia maua ila inataka friji, kwa joto la Tanga ndani ya muda mfupi unabaki na nyasi. Au kwa kuwa uko Guangdong hapo hapo chukua Dancong ya Chaozhou. Kuna moja inaitwa "yashixiang", maana yake harufu ya mavi ya bata, wallahi sio utani, wanasema mwenye shamba aliipa jina baya makusudi watu wasimwibie miche. Inanukia maua matupu.

Halafu bei wanakutajia kwa jin, ile ni nusu kilo sio kilo, na gramu 100 unauziwa vizuri tu usione haya. Ukiambiwa inapunguza kitambi wewe cheka tu upite. Na kafeini imo zote mbili, usiku sana asinywe.

fundi_birika:
Naungana na Bi Tamu. Kupika: oolong kijiko kimoja kikubwa kwenye kibirika kidogo, maji yaliyochemka kabisa, nusu dakika mimina, majani usitupe, unarudia mara tano sita na kila kikombe kina ladha yake. Kuchemsha hapana.

MwanaPangani:
Wakuu nimerudi. Dianhong robo kilo na yashixiang gramu 100, na chenji imebaki ya kibirika. Muuzaji kanionjesha zote, ile ya bata nilivyonusa kifuniko tu nikajua mama nimempata. Jina simwambii mpaka amalize kikombe. Sasa hili tofali nalifanyaje, nitupe?

Jirani wa Kericho:
Usitupe! Banjua kipande, mwaga maji ya kwanza, kunywa baada ya nyama choma.

fundi_birika:
Unapitia Dar? Ni-PM nilichukue mimi.