Menyu ya "Faili" imekwenda wapi? Na dirisha nalishika wapi nilisogeze?

MwanaNgamiani
Wakuu, habari za humu. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Tanga, kompyuta mbili, zinatumia mfumo wa Linux badala ya Windows tangu 2010. Enzi hizo sura ya skrini, yaani madirisha na menyu zake, ilikuwa GNOME 2: kila dirisha lina utepe wa jina, chini yake Faili, Hariri na wenzake. Dada anayechapa anaijua kama jiko lake.

Mwezi uliopita diski ya mashine moja ilikufa, nikaweka toleo jipya la GNOME. Mteja kaleta PDF kwenye flashi. Dada kaifungua, anataka kulisogeza dirisha pembeni, akashika juu pale alipozoea, kumbe kashika kitufe cha kutafuta. Akashika tena, kikafunguka kijimenyu. Mteja anamwangalia tu. Mwisho akaniita: "Kaka, dirisha hili halina kichwa!" Kitufe cha kulishusha hakuna, ni X peke yake.

Ile nyingine ina RAM ya 2GB, nikaipa Xfce, sura nyingine iliyo nyepesi. Menyu zipo, ila ukingo wa dirisha mwembamba hadi kuunasa kwa mausi ni sawa na kutunga uzi kwenye sindano. Narudishaje ya zamani?

Fundi_wa_Terminali
Pole mkuu. Zamani fremu zote zilichongwa na fundi mmoja, yaani programu inayosimamia madirisha, ndiyo maana zilifanana. Tangu GNOME 3.10, mwaka 2013, programu nyingi za GNOME huja na fremu yake yenyewe: utepe wa jina na vitufe vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, na menyu imefichwa kwenye kile kialama cha mistari mitatu. Bonyeza F10 itafunguka. Vitufe vya kushusha na kukuza viliondolewa mapema zaidi, 3.0 ya 2011, kwa hoja kwamba hakuna tena utepe wa chini wa kushushia dirisha. Virudishe kwa kuandika amri hii kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

`gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences button-layout ':minimize,maximize,close'`

Kusogeza, usihangaike na kichwa. Shikilia kitufe chenye alama ya Windows, buruta dirisha popote pale katikati.

Kwenye Xfce shikilia Alt, kisha buruta kwa kitufe cha kulia cha mausi: dirisha linatanuka bila hata kuugusa ukingo. Ukitaka ukingo wenyewe unenepe, badilisha themu (mtindo wa mwonekano) kwenye mipangilio ya Msimamizi wa Madirisha. Nyingi mpya zina ukingo wa pikseli moja, ujinga mtupu.

Kibuyu88
Mimi natofautiana kidogo. Laptopu yangu ni 1366 kwa 768. Utepe wa jina, menyu, vitufe, na paneli juu na chini: ukimaliza kuvipanga unabaki na kijidirisha cha kuchungulia barua. GNOME mpya imenipa mistari kadhaa zaidi ya kusoma. Ila kwa mtu wa kibandani, mwache na MATE, sura inayofanana na ile ya zamani. Ilichipuka kutoka GNOME 2 mwaka huohuo wa 2011, watu walipogoma kuhama.

MwanaNgamiani
Nimerudi. Ile amri imefanya kazi, vitufe vitatu vimerudi, lakini dada bado alikuwa anagonga kile cha kutafuta. Jana usiku nikaweka MATE. Asubuhi kafungua PDF, programu inaitwa Atril, akaiona Faili, akasema "haya", akaendelea na kazi.

Kwenye Xfce nilimfundisha ile ya Alt. Kilichonichekesha ni kwamba sasa anaitumia hata kwenye MATE, na kule ukingo unashikika vizuri tu! Imegoma kutanua, kitufe cha kulia kinamfungulia menyu ya dirisha, anauliza kwa nini mashine hii "haijasoma".

Fundi_wa_Terminali
Mwambie ajaribu kitufe cha katikati, kile cha gurudumu. Huko MATE ndicho kinachotanua.