Mjadala: Nahodha wa Ufaransa wa 1930, aliyekuja kuuawa kwa usaliti, apewe heshima yake ya mpira?

Kipanga wa Tanga (mleta mada)
Wakuu, Alexandre Villaplane ndiye aliyevaa kitambaa cha unahodha Ufaransa ilipocheza mechi yake ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, Montevideo, 13 Julai 1930, wakaichapa Mexico 4-1. Desemba 1944 Wafaransa wenyewe wakampiga risasi kwenye ngome ya Fort de Montrouge, karibu na Paris, kwa kuwatumikia Wajerumani walioivamia Ufaransa. Siku hizi kila anayesimulia mechi ile anamtaja Lucien Laurent, mfungaji wa bao la kwanza la Kombe la Dunia, nahodha anarukwa. Mimi nasema hukumu ya vita ibaki ya vita, na mpira ubaki mpira. Mechi 25 za timu ya taifa hakupewa na Hitler. Isitoshe ni Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Algiers. Karibuni.

Nuru_K
Mpira gani huo? Kabla ya 1932 soka la kulipwa halikuruhusiwa Ufaransa, nyota wakawa wanalipwa chini ya meza, naye akihama Sète, Nîmes, Racing ya Paris. Ligi ya kulipwa kuanza tu, timu yake ya Antibes ikabainika imenunua mechi, ikanyang'anywa fainali na Cannes wakaenda badala yake. Baadaye akafungwa jela kwa udanganyifu wa mbio za farasi. Wajerumani walimkuta tayari kaiva.

Mzalendo255
Dada Nuru, ya farasi tuyaweke kando. Mimi nimekwama hapo kwenye "Mwafrika mwenzetu". Mwenzetu na nani? Yule ni mtoto wa walowezi! Algeria ile Waarabu na Waberberi waliwekewa sheria yao ya wenyeji, mpaka kusafiri kwa kibali. Villaplane alivuka bahari kama raia kamili. Kama mnatafuta mwenzetu, yupo Raoul Diagne, mtu mweusi wa kwanza kuichezea Ufaransa, 1931.

Bin Salim wa Unguja
Chunga maneno, ndugu yangu. Babu yangu alitoka Oman. Baba yangu na mimi tumezaliwa Unguja na makaburi yetu yako Unguja. Ukianza kupima Uafrika kwa meli aliyokuja nayo babu, sema wazi unatufukuza. Na huyo Diagne wako kazaliwa Guyana ya Wafaransa, Amerika Kusini!

Mzalendo255
Nani kamtaja babu yako? Diagne kazaliwa huko kwa sababu baba yake alikuwa kazini, ofisa wa forodha. Baba mwenyewe ni Blaise Diagne wa kisiwa cha Gorée, Senegal, Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Ufaransa, 1914.

Mtoto wa Kalemie
Blaise huyohuyo aliyezunguka Afrika Magharibi 1918 akiandikisha vijana wakafie vita vya Wafaransa? Kaka, hapo umeleta baba mgumu kumtetea.

Nuru_K
Mnagombania vyeti vya kuzaliwa, watu wa Mussidan hamuwaoni! Mwaka 1944 Villaplane alivaa sare ya SS, jeshi la chama cha Hitler, akaongoza kikosi cha Brigade Nord-Africaine, yaani Waafrika Kaskazini waliowatumikia Wajerumani, kule mkoa wa Dordogne, Ufaransa. Katika mji wa Mussidan, mkoani humo, 11 Juni, waliuawa watu 52, na kikosi hicho kilikuwemo. Mwendesha mashtaka alieleza alivyokuwa akifanya: anamwendea mtu kwa upole, analalamika nyakati mbaya zimemlazimisha kuvaa sare ya Mjerumani, anaahidi kumwokoa, kisha anataja bei. Mtu wa hivyo ndiye mnamtafutia ujamaa?

Bin Salim wa Unguja
Simtetei muuaji, bi dada. Nimejibu nilichoambiwa.

Kocha wa Mtaa
Mleta mada, kwenye kikosi hichohicho cha 1930 alikuwemo Étienne Mattler, beki wa Sochaux. Wajerumani walipoingia alijiunga na wapiganaji wa upinzani, Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakamkamata na kumtesa. Mechi 46 za taifa. Mbona yeye hukumfungulia uzi?

Kipanga wa Tanga
Kwa sababu Mattler hakuna anayemruka! Sijaomba Villaplane ajengewe sanamu. Nimeomba tukihesabu waliocheza Montevideo, tuhesabu kumi na mmoja.

Nuru_K
Basi hesabu, ila ukifika kwake utaje na Mussidan palepale, kwenye sentensi hiyohiyo. Ukiweza hilo sina ugomvi na wewe.

Mzalendo255
Mimi narudi kwa Diagne maana mmemwacha njiani. Mwaka 1963, Michezo ya Urafiki, Dakar: yeye akiwa kwenye benchi la ufundi, Senegal ikaifunga timu ya ridhaa ya Ufaransa. Mtu kaichezea Ufaransa mechi 18, kisha kaenda kuwafunga akiwa na taifa la baba yake. Huyo ndiye wetu, nimemaliza.

Bin Salim wa Unguja
Hujamaliza. Kwa hiyo Uafrika unapatikana kwa kumfunga Mfaransa? Larbi Benbarek wa Casablanca, Moroko, aliyeanza kuichezea Ufaransa 1938 na kuhitimisha 1954, kwenye hesabu yako yumo au hayumo? Jibu hilo kwanza, halafu tutakuja kwenye suala la babu yangu.