Corolla: taa ya kulia imefifia, na taa ya bluu ya dashibodi inawaka yenyewe

Naliendele_Kwetu:
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla ya miaka ya 90, balbu H4 (balbu moja yenye uzi wa dimu na uzi wa fulu). Taa ya mbele ya kulia imekuwa nyekundu kama kaa, niweke dimu, niweke fulu, ni ileile. Kushoto safi. Nikiwa kwenye dimu, ile taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi nayo inawaka kwa mbali. Fundi kabadilisha balbu, kasugua ethi (pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi) mpaka bati likang'aa, wapi! Sasa anataka tununue swichi ya usukani. Huwa natoka Mtwara usiku kwenda Ndanda, na taa iliyokufa ndiyo ya upande wa katikati ya barabara. Anayekuja mbele anadhani ni pikipiki, ananibana. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Mzee_wa_Mikindani:
Ethi hiyo. Chumvi ya bahari huku inakula kila kitu. Vuta waya mpya toka hasi ya betri.

FundiUmeme_Shangani:
Shikamoo mzee. Kwa magari mengi ungekuwa umepatia kabisa. Ila Toyota nyingi za miaka ile, swichi haikati chanya, inakata hasi. Chanya inapita kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), halafu kila taa ina fyuzi yake. Fyuzi ya kulia ikifa, umeme unatoka taa ya kushoto, unapita waya wa fulu na kurudi kinyumenyume kwenye balbu ya kulia. Nyuzi tatu za ndani ya balbu zinagawana volti 12, ndiyo maana inafifia na ya bluu inawaka. Ethi mbovu kwenye gari la mfumo ule mwingine, wa swichi kukata chanya, inatoa dalili hizohizo, kwa hiyo macho hayatoshi, pima.

Naliendele, chomoa soketi ya kulia. Ya kushoto iache na balbu yake, washa dimu, waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu uchokoe nyuma ya soketi ya kushoto, waya mmoja mmoja. Waya mmoja tu ukiwa na 12, mzee yuko sahihi. Ikiwa ni miwili, kimbilia fyuzi. Swichi usinunue: ingekuwa mbovu, kushoto nako kungesumbua.

Naliendele_Kwetu:
Miwili! Fyuzi ya kulia nimeitoa, kwa macho ni nzima.

FundiUmeme_Shangani:
Irudishe, taa zikiwa zimewaka, gusa kwa mita vile vidoti viwili vya juu yake.

Naliendele_Kwetu:
Kimoja 12, kingine sifuri. Kumbe imekatika ndani karibu na mguu, na mguu wenyewe una kutu ya kijani. Nimeweka mpya, taa zote mbili nyeupe, ya bluu imezima. Asante sana fundi. Nimeweka ya ampea 15, ilikuwa 10, sawa?

FundiUmeme_Shangani:
Rudisha 10. Balbu ya wati 60 inakula ampea 5 tu. Na hiyo kutu ya kijani isafishe mpaka ndani ya tundu, la sivyo patapata moto na plastiki itayeyuka.