Waosha magari wa Tanga, siti ya Alcantara si zulia! Mmeniharibia gari kwa sabuni ya unga

Wakuu, habari za jioni.

Nimejizuia siku kumi nisiandike kwa hasira. Leo asubuhi nimempakia mama kumpeleka Bombo kliniki, kakaa siti ya mbele, hata mlango sijaufunga kaniuliza, "Mwanangu, kuna nguo mbichi umeisahau humu?" Basi. Naandika.

Gari ni Subaru, nimeiagiza Japani, nikaitoa bandarini Dar na kuiendesha mwenyewe hadi nyumbani. Siti zake katikati ni Alcantara ya kijivu, pembeni ngozi. Kwa ambaye hajawahi kuigusa: ni kitambaa chenye malaika, yaani vinyweleo, mafupi sana, laini kama shavu la mtoto. Ukipitisha kiganja kwenda mbele kitambaa kinakuwa cheusi kidogo, ukirudisha nyuma kinakuwa cheupe. Ukiandika jina kwa kidole linasomeka. Mimi nilichagua gari hii kwa ajili ya siti hizo, kwa sababu joto letu mnalijua, na ngozi tupu ukiiacha juani saa saba mchana huwezi kuikalia.

Kilichotokea ni hiki. Mpwa wangu alimwaga juisi ya ukwaju siti ya nyuma tukitoka arusini Pongwe. Nikafyonza kwa kitambaa kikavu, doa likabaki saizi ya kifuniko cha chupa. Na kwa kuwa siti ya dereva nayo ilishaanza kufanya weusi wa jasho pale mgongo unapoegemea, nikasema niipeleke kwa wanaojua kazi. Jina la sehemu siliandiki hapa. Nimeshaongea nao uso kwa uso, na nikisoma nyuzi za humu naona si wao peke yao.

Nilipofika niliuliza, tena mara mbili: "Vijana, hiki kitambaa mnakifahamu?" Jibu: "Bosi, hiyo suedi, tunaosha kila siku, wewe tuachie funguo." Elfu arobaini, ndani yote. Nikalipa, nikaenda zangu Ngamiani kwenye shughuli zangu.

Nimerudi baada ya saa tatu. Siti ya abiria ya mbele imefunguliwa, imelazwa juu ya sakafu ya saruji kwenye jua kali. Gari yenyewe wameisogeza chini ya mwembe. Naomba mlione hilo: bati liko kivulini, kitambaa kiko juani. Kijana kachuchumaa na brashi ya plastiki, ile ngumu ya kusugulia mazulia na matairi, ndoo ya povu la sabuni ya unga pembeni, anasugua kwa kuzungusha kama anaosha ngazi. Mwenzake kashika bomba la presha anasuuza siti ya nyuma humo humo ndani ya gari, maji yanachuruzika mpaka chini ya kapeti. Wa tatu anafuta kwa kipande cha kanga nyekundu.

Nilipiga kelele mpaka watu wakasimama.

Yule mkubwa wao akaja: "Kaka, tulia, bado hatujamaliza, tunapaka dawa ya kung'arisha." Na kweli siti ya dereva walikuwa wameshaipaka. Polishi ya dashibodi! Ile ya silikoni! Kwenye kitambaa cha malaika! Inateleza, ukikaa na suruali ya kitambaa unashuka chini kila ukikanyaga breki.

Sasa niseme kitu ambacho yeyote anayechukua hela ya watu kwa kazi hii anapaswa kukijua kabla hajashika ndoo. Alcantara si ngozi. Si ya ng'ombe, si ya mbuzi. Suedi halisi ni upande wa ndani wa ngozi ya mnyama, hiyo ina taratibu zake. Hiki ni kitambaa cha kiwandani, nyuzi za poliesta nyembamba kuliko unywele, nyembamba mno, zimeshikamanishwa kwa poliyurethani. Mjapani Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray ndiye aliyeibuni njia hiyo mwaka 1970, kikauzwa Marekani kwa jina la Ultrasuede, na mwaka 1972 ikaanzishwa kampuni Italia ikakitengeneza kwa jina la Alcantara. Ni zaidi ya miaka 50. Si kitu cha jana ambacho mtu anaweza kusema kimemkuta hajajiandaa.

Na kwa sababu nyuzi ni nyembamba hivyo, ndiyo maana inakamata kila unachoweka. Sabuni ya unga ikiingia humo haitoki kwa kumwagia maji. Inakauka katikati ya malaika, inayagandisha, yanalala chini kama nywele zilizopakwa gundi. Brashi ngumu inayavuta na kuyasokota yawe vidonge vidonge. Polishi ya silikoni inayafunika kabisa, halafu vumbi lote la barabarani linakuja kunasa pale. Juu ya hayo wale wanatumia maji ya kisima, na visima vyetu vya huku pwani vingi vina chumvi: siti yangu ya nyuma sasa ina duara jeupe kubwa kama sinia, na katikati yake ukwaju uleule, umetawanyika tu. Nimeingia na doa la kifuniko cha chupa nimetoka na sinia!

Ile kanga nyekundu imeacha wekundu kwenye kiegemeo cha kichwa. Mtu yeyote aliyewahi kuloweka kanga mpya pamoja na shuka jeupe anajua hili. Kitambaa cha kufutia lazima kiwe cheupe, hakuna mjadala.

Hayo ya juu juu yanaonekana. Kinachonitesa ni cha ndani. Chini ya kitambaa kuna sponji nene, na sponji ikishashiba maji ya presha, kwa unyevu wa Tanga, haikauki. Juu unagusa pakavu, ukikaa maji yanapanda. Siku ya tatu ilianza harufu ya tambara la kudekia. Siku ya sita nimeona ukungu wa kijani kwenye mshono, nukta nukta, nikaupiga picha kwa tochi ya simu.

Na la usalama, hili wengi hawalijui. Siti za mbele za magari mengi ya siku hizi zina eabegi ubavuni, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigongwa. Chini kuna soketi za njano, hizo ndizo za eabegi. Hawa waliichomoa siti, halafu wakawasha gari kuisogeza kivulini soketi ikiwa haijachomekwa. Mfumo ukasoma kasoro, taa ya eabegi ikawaka kwenye dashibodi na haikuzima hata siti iliporudishwa. Fundi umeme wa Chumbageni kanisomea na mashine, kafuta, elfu ishirini nyingine. Akaniambia niombe Mungu maji hayakuingia kwenye ile soketi, maana kutu yake huja baadaye.

Nilipowarudia, nilichojibiwa ndicho kilichoniumiza kuliko uharibifu wenyewe. "Kaka, siti ni ya kukalia, si ya kuangalia. Weka kava, mambo yaishe." Ndugu zangu! Nimekuja na mali yangu, nimeuliza mara mbili, mmenihakikishia mnaijua. Mngesema "hii hatujawahi kuishika", ningewashukuru na ningeiosha gari nje tu, hela yenu mngeipata. Kusema "sijui" kuna aibu gani? Kijana anayesugua simlaumu hata kidogo, kaelekezwa hivyo na analipwa kwa gari. Namlaumu anayesimama mbele, anayesema "tunaosha kila siku".

Na hiyo kava mnayoniambia niweke: mshono wa ubavu wa siti yenye eabegi umeshonwa makusudi uchanike eabegi inapolipuka. Ukiubana na kava nene isiyoachwa nafasi pale, eabegi inaweza isifunguke inavyotakiwa. Kwa hiyo nifiche uchafu wenu kwa kuhatarisha ubavu wa mama yangu?

Kazi yenyewe ingekuwa rahisi, hii ndiyo inaniuma. Haihitaji mashine. Vumbi unalitoa kwa vakyumu au brashi laini. Unachukua kitambaa cheupe cha pamba, unakilowesha maji safi ya uvuguvugu, unakikamua mpaka kisidondoshe, unapangusa siti nzima kidogo kidogo, kila mara unakisuuza na kukikamua upya. Doa unaanzia pembeni kwenda katikati, unadonoa badala ya kusugua, usije ukalipanua. Unaiacha ikauke yenyewe usiku kucha, kivulini, milango wazi. Asubuhi unapitisha brashi laini, malaika yanasimama. Imeisha. Hakuna mvuke, hakuna sabuni ya unga, hakuna maji ya moto, hakuna polishi. Ndoo moja ya maji ya kunywa na subira.

Nimejaribu kuokoa ninachoweza. Siti ya nyuma nimeipangusa kwa maji ya chupa jioni nne mfululizo. Jioni ya kwanza nilibadilisha beseni mara tisa na mara ya tisa bado povu lilikuwa linatoka, mjue sabuni iliyobaki humo ilikuwa kiasi gani. Feni ya mezani naitoa barazani, naielekeza ndani ya gari usiku kucha. Jana nimepitisha mswaki laini wa mtoto kwenye kona moja, na malaika yakasimama, sehemu ya kama viganja viwili. Nilikaa pale nikiyachezesha kwa kidole, meusi, meupe, meusi, meupe, kama zamani. Duara la chumvi limefifia, ukwaju bado. Siti ya dereva nimejaribu spiriti kidogo kwenye kitambaa cheupe, kwanza kwa chini pasipoonekana, rangi haikutoka, na silikoni inapungua, lakini ni kazi ya sentimita kwa sentimita na mkono unauma.

Siti ya abiria, ile iliyolazwa juani, hiyo imenishinda. Katikati imekuwa ngumu, ukiikuna kwa ukucha inatoa sauti ya mkeka. Na harufu inatoka humo humo, kwa hiyo sponji lazima itoke nje ikaushwe au ibadilishwe.

Nimeomba nirudishiwe elfu arobaini yangu na gharama ya fundi umeme. Nimeambiwa "tutaongea". Nitakwenda tena Jumatatu na picha zote, na nikiambiwa hivyo tena nitafungua shauri, sitarudi nyuma.

Ninachoomba kwenu, hasa mlio Tanga mjini, Muheza au hata Korogwe: kuna fundi siti mnayemwamini kwa macho yenu, si wa kusikia? Ninayemtaka ni wa kuvua kitambaa bila kukichana, anayejua kufungua zile pete za waya zinazokishikilia kwenye sponji na kuzirudisha, na ambaye hatagusa mshono wa ubavu wala soketi ya njano kabla betri haijachomolewa. Kama umemtumia, weka picha ya kazi yake hapa. Na kama kuna aliyewahi kutoa ukwaju kwenye Alcantara na ukatoka kweli, aniambie alitumia nini, na doa lilikuwa na siku ngapi.