Nimeokoka naambiwa nitoke kwa chama, lakini gorogoro ya kazini je?

Nyar_Kibuye: Bwana asifiwe wapendwa. Nauza nafaka Kibuye hapa Kisumu, kibanda ni cha mama mwingine, mi ni mfanyikazi tu. Niliokoka mwaka jana, na ushirika wetu wa akina mama wamenishika mkono sana kusema ukweli. Sasa wananisomea 2 Wakorintho 6:17, ati mtu wa Mungu lazima atoke kati yao, kwa hivyo nitoe rasta na niache chama chetu cha wamama juu kuna wawili huko wanauza chang'aa. Hao wamama ndio walikesha na mimi nikifiwa. Rasta nimetoa, hiyo sikusumbuka. Lakini yenye inaninyima usingizi hakuna mtu ameniuliza, gorogoro ya kibanda, ule mkebe wa kupimia nafaka, imegongwa chini ikaingia ndani, mteja anaona imejaa na kilo mbili haifiki, na mwenye kibanda hataki kusikia ingine. Naomba mnisaidie, mtu aliyetengwa kwa Mungu anaanzia wapi?

MamaNjoro: Dada usidharau hao wamama wa ushirika. Mi niko Njoro, Nakuru, na kuna kitu mavazi na nywele hufanya, inakukumbusha asubuhi kabla hujatoka kwa nyumba kwamba wewe si wako. Na marafiki wana nguvu, wengi tumewaona wakirudi nyuma pole pole kupitia vikao hivi hivi. Ebr 12:14 inasema bila utakatifu hakuna atakayemwona Bwana, hiyo si maneno ya kucheza.

Rafiki_Vihiga: Amina mama, lakini hebu tusome Walawi 19 yote, juu hapo ndipo Mungu anasema muwe watakatifu kwa kuwa mimi ni mtakatifu, na Petro anairudia kwa barua yake ya kwanza. Sasa angalia chenye kinafuata. Usivune shamba mpaka pembeni, achia maskini na mgeni. Mshahara wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Usimtukane kiziwi. Alafu mstari wa 35 na 36 ni vipimo, mizani ya haki, efa ya haki, na efa ilikuwa kipimo cha nafaka, yaani ni hiyo gorogoro yako kabisa! Sisi Marafiki (Quakers) huku tulipata injili kupitia misheni ya Kaimosi tangu 1902, na wazee wetu wa imani kule Uingereza karne ya 17 walijulikana sokoni kwa kutaja bei moja kwa kila mtu, hata mtoto akitumwa anauziwa sawa na mkubwa. Walivaa nguo za kawaida bila mapambo pia, sikatai. Lakini huwezi kutoa rasta ya dada na uache mjane aibiwe maharagwe mbele yako, na wengi wa ushirika pengine wananunua hapo hapo.

MamaNjoro: Kwa vipimo nakubali kabisa, hiyo ni wizi. Lakini sura hiyo hiyo mstari wa 28 inakataza kujichanja mwili, kwa hivyo mwili pia uko ndani. Tusichague.

Nyar_Kibuye: Nimewasikia wote. Na nikikataa kupima, nafutwa, niko na watoto.

Mtumishi_Ksm: Binti yangu soma Danieli 1 polepole. Alikataa chakula cha mfalme, lakini kazi ya mfalme hakuacha, alikaa huko miaka mingi. Na hakupiga kelele, aliongea na msimamizi kwa heshima akaomba ajaribiwe siku kumi. Fanya hivyo. Tafuta gorogoro nzima, mwambie mama akuruhusu uitumie kwa wiki moja hata kama ni kwa maharagwe peke yake, bei ipande kidogo kufidia hasara, na umwambie mteja wazi kwamba hii imejaa. Akikataa njoo kwa kanisa lako useme, wakusaidie kupata kazi ingine, hiyo ni kazi yao pia. Chama usitoke. Bwana Yesu kwa Yohana 17:15 hakuomba tutolewe ulimwenguni, aliomba tulindwe na yule mwovu. Chang'aa usinywe wala usiuze, lakini mwenzako akifiwa kesha naye vile alikesha na wewe.

Nyar_Kibuye: Asante baba. Nitaongea naye Jumatatu, Jumapili soko inajaa sana hawezi nisikiza. Mniombee.

MamaNjoro: Tunaomba dada. Gorogoro nzima nitakutumia na gari ya Kisumu ukikosa huko.